Vielezi vya Kiasi cha Kati: Kiingereza cha Mazungumzo Mbele ya Kiswahili cha Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Wanaisimu walioshughulikia maneno yanayopima sifa wamevutwa zaidi na ncha mbili za kipimo. Kwa upande mmoja wamechunguza maneno yanayokuza, kama vile sana, mno na kabisa. Kwa upande mwingine wamechunguza maneno yanayokana au kufifiza. Katikati ya ncha hizo pana kundi dogo la maneno yasiyokuza wala kukana, ambayo kazi yake ni kusema kwamba sifa ipo, lakini haikufika mbali. Hayo ndiyo yanayoitwa hapa vielezi vya kiasi cha kati. Katika Kiingereza cha mazungumzo, wanachama wake wakuu ni wanne: quite, rather, fairly na pretty.

Lengo la makala haya ni kueleza maana na matumizi ya vielezi hivyo vinne, na kuonyesha yanayotokea vinapokutana na Kiswahili kinachosemwa Masisi na Walikale, wilaya mbili za jimbo la Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Eneo hili halikuchaguliwa kwa nasibu. Kwa zaidi ya miaka ishirini, habari za vijiji vyake zimekuwa zikitafsiriwa kila siku kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa na Kiingereza, ziwe habari za ugonjwa, za njaa, za barabara au za usalama. Katika kazi hiyo neno kidogo si neno dogo.

Mifano ya Kiswahili iliyomo imetungwa kwa ajili ya maelezo, kwa kufuata usemi wa kawaida wa eneo hilo. Pale usemi huo unapotofautiana na Kiswahili sanifu, tofauti hiyo imeachwa kama ilivyo.

2. Hali ya lugha katika eneo

Kwa mujibu wa Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, Kifaransa ndicho lugha rasmi ya Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba. Katika Masisi, lugha za nyumbani ni hasa Kihunde na Kinyarwanda, na upande wa kusini Kitembo. Katika Walikale husikika Kinyanga, Kikano, Kikumu na nyinginezo. Kinyanga kinafahamika kwa wasomi wa fasihi simulizi kutokana na utendi wa Mwindo, uliochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Juu ya lugha hizi zote kimekaa Kiswahili, lugha ya soko, ya barabara, ya kanisa na ya zahanati.

Kiswahili hiki kina sura yake. Mtoto ni mutoto. Kitenzi iko hutumika mahali pa ni, na kuko mahali pa pana au kuna. Maneno ya Kifaransa huingia bila kubisha hodi, na jibu la salamu ça va kidogo ni la kila siku mjini Goma na katika njia zitokazo huko. Kwa hiyo msemaji wa Masisi anayejifunza Kiingereza chuoni huwa ana vipimo viwili tayari kichwani, cha Kiswahili na cha Kifaransa, kabla hajakutana na cha Kiingereza.

3. Vielezi vinne vya Kiingereza

Wataalamu wa sarufi ya Kiingereza wameviweka vielezi hivi katika tabaka maalumu. Sarufi kubwa ya Randolph Quirk na wenzake, iliyotoka mwaka 1985, inaviweka baadhi yake miongoni mwa maneno ya kupunguza, katika fungu la yale yanayopunguza nguvu ya neno bila kulikana. Carita Paradis, katika utafiti wake wa mwaka 1997 juu ya Kiingereza cha mazungumzo cha Uingereza, alivitenga quite, rather, pretty na fairly kuwa tabaka la wastani, na akasisitiza jambo la msingi: kielezi hakisomeki peke yake, bali husomeka pamoja na kivumishi kilicho mbele yake na kiimbo kinachovibeba vyote viwili.

3.1 Quite

Hiki ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa kina maana mbili zinazopingana. Vivumishi vingine vina kikomo: kitu ama kimejaa ama hakijajaa, mtu ama amekufa ama yu hai. Pamoja na vivumishi vya namna hiyo, quite huwa na maana ya kabisa. Vivumishi vingine havina kikomo: baridi, umbali na uzuri huongezeka bila mwisho. Pamoja na hivyo, katika usemi wa Uingereza, quite huwa na maana ya kiasi. Katika usemi wa Marekani, quite mbele ya kivumishi kisicho na kikomo huelekea zaidi kwenye sana.

Tatizo huja kwa vivumishi vinavyoweza kuchukuliwa kwa njia zote mbili. Mfano mzuri ni safe, yaani salama. Mtu akisema:

(1) The road is quite safe.

anaweza kumaanisha kwamba barabara ni salama kabisa, au kwamba ni salama kiasi. Katika mazungumzo, kinachoamua ni sauti. Mkazo ukiangukia safe, msikilizaji huelekea kutulia. Mkazo ukiangukia quite, na sauti ikashuka kisha ikapanda mwishoni, msikilizaji Mwingereza huelewa kwamba kuna lakini inakuja, hata isiposemwa. Maneno hayo yakiandikwa kwenye karatasi, sauti hupotea, na zinabaki maana mbili zisizo na hakimu.

3.2 Rather na fairly

Vielezi hivi hukaribiana kwa kiwango, lakini hutofautiana kwa mwelekeo wa moyo. Fairly hupenda sifa zinazopendeza, na rather hupenda zisizopendeza. Mfano unaotumiwa mara nyingi madarasani ni wa maji: yanayoitwa fairly warm yanafaa kuogea, na yanayoitwa rather warm yamepita kiwango alichokitaka msemaji, hata kama kipimajoto kinaonyesha tarakimu ileile. Rather ikikaa mbele ya sifa njema, huongeza mshangao: jambo limekuwa zuri kuliko ilivyotarajiwa. Aidha rather hukubali kukaa mbele ya kilinganishi, yaani umbo la kusema zaidi ya, jambo ambalo fairly haliwezi.

3.3 Pretty

Pretty ni kielezi cha mazungumzo zaidi kuliko maandishi. Kipo juu kidogo ya fairly, na hakichagui sifa njema wala mbaya. Mwanafunzi anayekijua kama kivumishi chenye maana ya kupendeza hushangaa anapokisikia mbele ya neno lenye maana ya ubaya. Hana budi kufundishwa kwamba hayo ni matumizi mawili ya neno moja lenye historia moja.

3.4 A bit

Ingawa si cha tabaka la kati, a bit kinastahili kutajwa, kwa sababu ndicho wanafunzi wengi hukimbilia wanapotafsiri kidogo. Kielezi hiki hupenda sifa zisizopendeza. Mwingereza husema kwa kawaida kwamba kuna baridi a bit, au kwamba mtu amechoka a bit. Ni nadra kusema kwamba chakula ni kizuri a bit. Vilevile, katika vinywa vya tabaka fulani la Waingereza, kielezi hiki hutumika kufunika jambo zito kwa adabu. Wanahistoria wa vita vya Korea husimulia kwamba mwezi Aprili 1951, katika mapigano ya mto Imjin, brigedia Mwingereza Thomas Brodie alimwarifu mkuu wake Mmarekani kwamba hali ilikuwa ngumu a bit. Kwa lugha ya Mwingereza, huo ulikuwa wito wa msaada. Mmarekani alisikia kwamba hali inastahimilika. Batalioni ya Gloucestershire ilibaki kilimani, na sehemu kubwa ya askari wake waliuawa au kutekwa. Wote wawili walikuwa wakisema Kiingereza.

4. Nyenzo za Kiswahili

4.1 Kidogo

Kiswahili kinabebesha neno kidogo mzigo ambao Kiingereza kimeugawa kwa maneno mengi. Matumizi yake yanayohusika hapa ni manne.

Kwanza, hupima sifa: Mugonjwa iko bien kidogo. Hapa ni kiasi cha kati, na tofauti na a bit, hakichagui sifa njema wala mbaya. Salama kidogo na hatari kidogo ni sawa kisarufi.

Pili, hupima wingi: maji kidogo, chumvi kidogo. Katika matumizi haya neno limeganda. Halifuati ngeli ya nomino, na ndiyo maana maji kidogo si sawa na maji madogo.

Tatu, hulainisha ombi: ngojea kidogo, nisaidie kidogo. Hapa hakipimi kitu chochote. Anayeombwa kungoja kidogo hakuahidiwa dakika tano.

Nne, hukaribisha tendo ambalo halikutimia: kidogo nianguke, yaani nusura nianguke.

Katika matumizi ya pili ndimo ulimojificha mtego mkubwa. Kiingereza hutofautisha little na a little; Kifaransa hutofautisha peu na un peu. Umbo la kwanza hulalamikia upungufu. Umbo la pili hukiri kwamba kitu kipo. Kiswahili hakina kibainishi cha namna ile, kwa hiyo tofauti hiyo hubebwa na mpangilio wa maneno na sauti:

(2) Kuko maji kidogo.
(3) Maji iko kidogo.

Sentensi ya (2) huelekea kusema kwamba maji yapo, japo si mengi. Sentensi ya (3), ambamo kidogo ni kiarifu, husema kwamba maji ni haba. Hata hivyo (2) ikisemwa kwa sauti ya kushuka, au ikifuatwa na tu, huhamia upande wa (3). Mfasiri akiwa na haraka anaweza kuandika a little mahali pa little, na herufi moja hiyo inageuza malalamiko kuwa shukrani.

4.2 Kiasi

Katika Kiswahili sanifu, kiasi ndicho kinachokaribia zaidi fairly: joto kiasi, mbali kiasi. Lakini neno hili lina sharti lake. Halina maana mpaka ijulikane ni kiasi cha nani. Baridi kidogo ya mkulima wa nyanda za juu za Masisi, kwenye malisho ya ng'ombe, si baridi kidogo ya mchimbaji wa Walikale aliyezoea joto la msitu. Vivyo hivyo mbali kidogo ya mtu anayetembea kutwa nzima kwenda sokoni si mbali kidogo ya mtu anayesafiri kwa gari. Kiingereza nacho kina sharti hilohilo. Tofauti ni kwamba wanaozungumza ana kwa ana katika mji mmoja huwa na kipimo kimoja, na mfasiri husimama kati ya watu wenye vipimo viwili.

4.3 Tu, na ukanushi

Jibu muzuri tu ni la wastani, ingawa halina kielezi cha kiasi ndani yake. Neno tu huondoa ncha ya juu ya sifa: mambo ni mema, yasitarajiwe makubwa. Ukanushi hufanya kazi inayofanana: si mbaya, si haba, hakuna shida kubwa. Katika usemi huu wa mwisho, kivumishi kubwa kinastahili kusikilizwa kwa makini, kwani kimeacha mlango wazi kwa shida ndogo, na pengine kwa shida ya kati.

4.4 Kiambishi ka-

Lugha za Kibantu za eneo hili zina ngeli ya udogo ya ka- kwa umoja na tu- kwa wingi, na Kiswahili cha Kivu kimeichukua: kamutoto, tumutoto, kabaridi. Katika usemi, kiambishi hiki hupunguza uzito wa jambo kama vile kielezi cha kiasi kinavyofanya. Kabaridi si baridi kali. Kashida ni shida isiyostahili kumsumbua mgeni.

Historia imeonyesha uwezo wa kiambishi hiki wa kufunika. Tangu vita vya mwaka 1996 na 1997 vilivyomwingiza Laurent-Désiré Kabila madarakani, watoto waliobebeshwa bunduki waliitwa kadogo. Neno hilo lilikuwa na upole wa kifamilia, na upole huo ulipunguza ukali wa jambo ambalo sheria ya kimataifa inaliita uhalifu. Mfasiri aliyeandika tu kwamba mtu fulani ni mdogo alikuwa ametafsiri mofolojia na kuliacha jambo lenyewe.

5. Mahali ambapo tafsiri hupotea

5.1 Zahanati na hospitali

Katika hospitali kuu ya Masisi, kama katika nyingine zinazosaidiwa na mashirika ya kigeni, mganga anaweza kuwa mgeni asiyejua Kiswahili. Huuliza maumivu ni makali kiasi gani. Mgonjwa hujibu: inauma kidogo. Jibu hili linaweza kuwa kipimo. Linaweza pia kuwa adabu, hasa kwa mwanamke anayeulizwa mbele ya watu, au kwa mzee asiyetaka kuonekana analia. Likitafsiriwa a bit, mganga Mwingereza anaweza kulipima kwa desturi ya kwao, au akaliamini kama lilivyo. Lililo salama ni kuuliza swali la pili linaloomba tendo badala ya sifa: Umelala usiku? Umekula? Unaweza kutembea mpaka mlangoni? Majibu ya maswali hayo hayahitaji kielezi.

5.2 Taarifa za usalama

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioanzishwa mwaka 1999 kwa jina la MONUC, na kuitwa MONUSCO tangu tarehe 1 Julai 2010, uliweka kambi katika Masisi na Walikale. Kwa miaka mingi askari wa India walikuwa sehemu kubwa ya kikosi chake katika Kivu ya Kaskazini, na Kiingereza kilikuwa lugha yao ya kazi. Mwanakijiji alisema Kiswahili, au lugha yake ya nyumbani. Mfasiri alipitia mara nyingi kwenye Kifaransa. Taarifa iliandikwa kwa Kiingereza. Katika hatua hizo tatu, kidogo huweza kugeuka un peu, kisha a bit au fairly, na mwisho relatively, neno linalopendwa na waandishi wa taarifa. Hali imekuwa tulivu kwa kulinganisha. Kulinganisha na nini? Na jana, au na kijiji cha jirani? Kielezi hakisemi.

Salamu nazo zina sehemu yake. Kwa desturi ya Waswahili wote, jibu la kwanza ni jema, na habari mbaya hufuata baada ya lakini. Anayesikiliza jibu la kwanza tu, kisha akapanda gari lake, huondoka na muzuri tu na kuacha habari nyuma.

Uzito wa jambo hili unafahamika Walikale kuliko kwingineko. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, makundi ya wapiganaji yalivamia vijiji kumi na vitatu katika wilaya hiyo, Luvungi kikiwamo. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwezi Julai 2011 ilihesabu waathiriwa wa ubakaji wasiopungua 387. Kambi ya askari wa kulinda amani haikuwa mbali. Mwezi Septemba 2010, Atul Khare, aliyetumwa na Katibu Mkuu, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hatua zilizochukuliwa na Umoja wa Mataifa hazikutosha. Sababu za mkasa ule ni nyingi, na si haki kuzipunguza ziwe suala la lugha. Lakini swali lililobaki ni la lugha pia: habari ya kijiji hupitaje mpaka kumfikia mwenye uwezo wa kutenda? Katika miaka iliyofuata, ujumbe huo uliongeza Wakongo waliofanya kazi ya kuunganisha kambi na wanavijiji. Kazi yao ilihitaji zaidi ya kujua maneno. Ilihitaji kujua kidogo cha nani kina uzito gani.

6. Ufundishaji

Wanafunzi wa Kiingereza katika vyuo vya Goma na Bukavu huleta kosa moja mashuhuri kutoka Kifaransa. Neno assez lina maana ya kutosha na pia ya kiasi. Kwa hiyo assez bon hutafsiriwa kwa Kiingereza kana kwamba ni zuri ya kutosha, mahali ambapo fairly good ndiyo ingefaa. Kosa hili husahihishwa kwa urahisi. Yale yatokanayo na Kiswahili ni ya ndani zaidi, kwa sababu sentensi hutoka sahihi kisarufi na kosa halionekani kwenye karatasi ya mtihani.

Mambo matatu yangefaa kuingizwa katika masomo. La kwanza ni kufundisha kielezi pamoja na kivumishi chake, na kumzoeza mwanafunzi kuuliza kama sifa ina kikomo au haina. Orodha ya maneno manne yenye tafsiri ya kiasi mbele yake haimsaidii. La pili ni kufundisha kwa sikio. Quite ya maandishi ni nusu ya quite. Nusu nyingine imo katika mkazo na kiimbo. La tatu, ambalo linawahusu hasa watakaokuwa wakalimani, ni kuwapa ruhusa ya kuuliza. Mkalimani aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kugeuza neno kwa neno huona haya kusimamisha mazungumzo. Aliyefundishwa kwamba kidogo kina matumizi manne atamgeukia msemaji na kusema: maji iko kidogo, maana yake yanatosha mpaka lini?

Aidha, mahali panapohitaji tarakimu, kielezi kisikubaliwe kushika nafasi yake. Mbali kidogo itafsiriwe baada ya kuuliza saa za kutembea. Watu kidogo itafsiriwe baada ya kuuliza kaya ngapi. Huko si kumdharau msemaji, bali ni kumsaidia asikike kwa kipimo alichokusudia.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vielezi vya kiasi cha kati katika Kiingereza hutegemea vitu vitatu: aina ya kivumishi, mwelekeo wa moyo wa msemaji, na sauti. Kiswahili cha Masisi na Walikale kinafanya kazi hiyohiyo kwa nyenzo nyingine: neno kidogo lenye matumizi mengi, kiasi, tu, ukanushi, na kiambishi ka-. Hakuna jozi ya maneno inayolingana moja kwa moja kati ya lugha hizi mbili, na kamusi inayoonyesha jozi ya namna hiyo inamdanganya mtumiaji.

Bado inahitajika kazi ya kurekodi na kuchambua mazungumzo halisi ya Kiswahili cha eneo hili, kwa uangalifu uleule uliotumiwa kwa Kiingereza cha mazungumzo, ili yaliyoelezwa hapa yapimwe kwa data. Kazi hiyo ni ya wanaisimu wa Kivu wenyewe, kwa kuwa ndio wanaojua kwa masikio yao ni lini ça va kidogo ina maana kwamba mambo yanakwenda, na ni lini ina maana kwamba hayaendi.